Ukifiwa Ukiwa Msituni: Kwa Wenzangu Wanaofuata Sokwe

Nina miaka 19 nikifuata sokwe kwa ajili ya utafiti katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda. Nilizaliwa Kilembe, kwenye bonde la mgodi wa shaba chini ya milima ya Rwenzori. Baba alitoka Arua kuja kutafuta kazi mgodini, mama alikuwa Mkonzo wa hapo hapo, na katika zile nyumba za wafanyakazi kila mlango ulikuwa na kabila lake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotulea. Msituni nako hakikuniacha. Marenja wanakitumia kwenye simu ya upepo, na sisi wafuatiliaji, Watooro, Wakiga na Wakonzo, tunakitumia jioni tukikaa na sahani ya posho na maharage.

Kijana anayeanza kazi hii hufundishwa kutumia GPS, kukinga mkojo wa sokwe alfajiri kwa karatasi ya nailoni chini ya kiota, na kutambua uso wa kila mnyama. Hafundishwi afanye nini siku atakapoletewa habari kwamba mama yake amefariki, wala siku atakapomkuta mnyama aliyemfuata miaka minane amelala chini ya mti huku nzi wamemjaa. Mimi yamenifika yote mawili. Ninayoyaandika hapa ndiyo ambayo ningetamani kuambiwa mapema.

Maneno ya simu ya upepo

Mama alifariki mwezi wa nne, wakati wa mvua. Nilikuwa chini ya mkuyu mkubwa nikimfuata sokwe jike mzee, ambaye kwenye fomu alikuwa na herufi mbili tu lakini sisi tulimwita Bibi. Saa nne asubuhi simu ya upepo ikakoroma: "Akiiki, rudi kambini." (Akiiki ni empaako yangu, jina la heshima la Watooro. Mimi si Mtooro, lakini Mzee Araali, mfuatiliaji wetu mkongwe, alinipa jina hilo wiki ya kwanza, akasema hawezi kwenda msituni na mtu asiyejua amwite vipi kwa heshima.) Nikauliza kuna nini. Kimya. Nikauliza tena. "Rudi tu."

Kutoka pale hadi kambini ni mwendo wa saa mbili, na vilima vilikuwa vinateleza. Njia nzima niliwazika watu wangu mmoja mmoja kichwani. Nilianza na mwanangu, nikaja kwa kaka yangu, nikarudi kwa mwanangu. Mama sikumfikiria kabisa, kwa sababu jana yake alinipigia akilalamikia bei ya sabuni. Nilianguka mara mbili. Mahali tembo wanapovuka nilipita bila kusimama kusikiliza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Aliyeniita hakuwa na ubaya. Hakutaka nisikie habari ile kwenye chombo ambacho kila mtu anakisikiliza, na hapo alikuwa sahihi. Alipokosea ni kuniacha nitembee peke yangu. Kwa hiyo kaeni kikao leo, kabla halijatokea lolote, mkubaliane maneno. Kwetu sasa tunasema, "Kuna jambo la nyumbani, fulani anakuja kukupokea," na tunataja mahali. Aliye msituni akisikia hivyo haulizi zaidi. Anasubiri pale alipo, au anasogea taratibu hadi njia panda. Anayekwenda kumpokea awe mtu anayemheshimu, asiwe tu yule aliyekuwa karibu na mlango.

Nimemwona Mzee Araali akiifanya kazi hiyo kwa kijana wetu mmoja aliyefiwa na kaka yake. Alibeba chupa ya chai. Alipomkuta alimwambia, "Kaa chini, mwanangu. Kunywa kidogo." Kijana akanywa, mikono inatetemeka. Kisha mzee akasema bila kuzunguka: "Kaka yako mkubwa amefariki usiku wa leo. Gari linakungoja kambini. Mimi natembea na wewe." Hakusema "hali si nzuri" wala "wanakuhitaji nyumbani". Alimtaja aliyefariki, akataja lini, akataja kilichokwisha kupangwa. Kijana alilala kifudifudi kwenye majani, na mzee akakaa karibu naye bila neno mpaka aliponyanyuka mwenyewe. Walichukua saa tatu na nusu kufika, na hakuna aliyewaharakisha.

Jambo dogo la kuongeza hapo: ndugu zako wawe na namba ya mtu wa kambini, si yako peke yake. Simu yako haishiki mtandao bondeni, nao wanaweza kukupigia siku nzima wakidhani umewapuuza.

Kukabidhi na kuondoka

Dakika kumi zinatosha. Andika saa uliyoacha kumfuata mnyama, andika "ufuatiliaji umekatishwa", mkabidhi mwenzako daftari au tableti, basi. Huna haja ya kuandika sababu kwenye fomu, na mtu asikuombe umalizie safu zilizobaki wazi. Mimi niliombwa. Mradi niliokuwa nikifanya nao kazi wakati huo ulinipigia siku ya pili ya matanga kuuliza sampuli mbili za asubuhi ile nimeziandika wapi, na mpaka leo nakumbuka nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Sampuli mbili za mkojo! Ukiwa wewe ndiye kiongozi wa timu, swali la namna hiyo lizuie lisimfikie aliyefiwa. Acha pengo kwenye data. Pengo lenye tarehe na saa linasomeka vizuri kuliko jibu lililotolewa kaburini.

Weka mfuko tayari. Wangu una nguo kavu, lesu mbili, viatu vya kawaida na chaja. Kwenye simu nina shilingi 150,000 ambazo sizigusi kwa lolote, maana msiba hautazami tarehe ya mshahara: boda boda mpaka Fort Portal, taksi mpaka Kasese, kama kilomita 75, kisha gari jingine la kupanda Kilembe. Nauli ya usiku ni nauli nyingine.

Nasisitiza habari ya viatu kwa sababu mimi nilifika kwa mama na gambuti. Nilikuwa nimesafiri nazo njia nzima bila kujua. Mama mdogo alinikuta mlangoni, akanitazama miguuni, akasema, "Njoo hapa, mwanangu." Akanikalisha kwenye kigoda, akanivua gambuti moja moja, akanimwagia maji ya uvuguvugu kwa kopo. Tope lililotoka lilikuwa jeusi, la Kibale. Kwetu Kilembe udongo ni wa kijivu. Nililitazama likishuka kwenye mfereji, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza. Namshukuru hadi leo. Lakini wewe usisafiri na gambuti.

Msiba huja na mafua

Hili ndilo linalonifanya niandike. Wengi wetu hulisema nusu tu, au hulisema kama amri ya ofisi.

Matanga ya kwetu ni watu. Unakumbatiwa na mamia, unalala chini safu kwa safu na shangazi na binamu, moshi wa kuni, baridi ya usiku, chakula cha haraka, watoto wanakohoa. Ukimaliza siku nne hivi, huna sauti na kifua kimebana. Mwili uliokosa usingizi hauna ulinzi. Na wewe unarudi kwenye kazi ambayo kikohozi chako ni silaha.

Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua. Mwaka 2013, wenzetu wa Kanyawara, hapa hapa Kibale, walishuhudia sokwe watano wakifa katika jamii yenye sokwe 56. Vipimo vilionyesha kirusi cha mafua ya binadamu, aina ya rainovirasi C, ambacho kwa mtu mzima mwenye afya kinaweza kupita kama mafua ya kawaida. Kisha kati ya Desemba 2016 na Februari 2017 wenzetu wa Ngogo, humu humu Kibale, wakapoteza sokwe 25 kwa kirusi kingine cha binadamu. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Wahenga hawakuwahi kusimama asubuhi na orodha ya majina wakitia alama moja baada ya moja kwa wiki nane.

Kwa hiyo mtu aliyetoka msibani haingii msituni mpaka siku za karantini ziishe na dalili zote zimeondoka. Sisi tunahesabu siku saba, na ukikohoa siku ya saba unaanza tena. Hiyo ni kanuni ya kuwalinda wanyama, na kila mwenye kazi hii anaikubali kwa mdomo. Ninachotaka kusema ni kwamba kanuni hiyo hiyo inakulinda wewe, ukiiruhusu.

Niliporudi kutoka Kilembe nilikuwa nimepania kuingia msituni kesho yake. Niliona kazi ndiyo itakayonituliza. Nilikuwa na mafua mazito, nikaficha. Nilimeza vidonge, nikanywa maji ya tangawizi, nikavaa barakoa mapema ili mtu asisikie pumzi. Mzee Araali alinikuta saa kumi na moja alfajiri nikifunga kamba za mkoba, akasimama mbele ya mlango. "Akiiki, sema jina lako." Nikasema. Sauti ikatoka ya puani, kama ya mtu aliye chini ya maji. Akasema, "Bibi ana mjukuu wa miezi mitatu kifuani mwa binti yake. Wewe umemzika mama yako juzi. Unataka kumzika nani tena?"

Niliumia, nikakasirika, nikarudi kitandani. Nilikaa siku kumi na moja. Siku mbili za kwanza nililala tu. Ya tatu nilifua nguo zote za msibani, nikazianika, nikakaa nikizitazama zikikauka. Ya nne nikamwambia mpishi wetu habari za mama, tangu alivyokuwa akiuza mandazi kwenye lango la mgodi mpaka mafuriko ya mto Nyamwamba ya mwaka 2013 yalivyochukua jiko lake. Mpishi alikuwa akichambua maharage, na aliendelea kuchambua, akiniuliza maswali madogo: mandazi aliuza bei gani, aliyakaanga na mafuta gani. Sijui kama alijua anachonifanyia. Matanga ya Kilembe yalikuwa ya watu wote; zile siku za karantini zilikuwa za mama na mimi.

Basi usiidanganye karantini. Usiifiche pua inayotoka kamasi. Na ukiwa wewe ndiye unayeajiri, zilipe siku hizo kama siku za kazi, uandike hivyo kwenye mkataba, kwa sababu mtu mwenye watoto shuleni akijua siku saba ni siku saba bila mshahara atameza vidonge na kuingia. Nisingemlaumu. Ningemlaumu aliyeandika mkataba.

Kuna wakati mfiwa ni mgeni. Mwanafunzi mmoja kutoka Ulaya alifiwa na nyanya yake akiwa nasi, na tiketi ya kurudi ilimshinda. Aliyatazama mazishi kwenye simu, amesimama juu ya kilima pekee chenye mtandao, amejifunika koti la mvua. Tulimkalia matanga. Tuliwasha moto nje usiku mbili, tukapika matoke, tukakaa. Yeye hakujua afanye nini na watu kumi walionyamaza wakimzunguka, lakini usiku wa pili alianza kutuonyesha picha. Ukiona mgeni anajifungia chumbani, usidhani desturi za kwao zinamtosha. Gonga mlango.

Kurudi kwenye njia

Siku ya kwanza usiende peke yako, na usiende kutwa nzima. Nenda na mwenzako, fuateni mpaka saa sita, rudini. Mtu aliyefiwa anatazama bila kuona. Nilikuwa na mwenzangu, Abwooli, siku niliyorudi, naye alinishika mkono tukiwa hatua chache kutoka kwa tembo aliyesimama kwenye kichaka cha upupu. Nilikuwa nimeona mavi mabichi njiani, nikayaruka kama jiwe. Masikio yalisikia matawi yakivunjika, kichwa hakikuuliza nani anayavunja. Tulirudi nyuma polepole, tukapiga mzunguko wa nusu saa.

Kwa wiki mbili za kwanza omba kazi za mwendo mfupi: kupima matunda chini ya miti, kuhesabu viota, kuingiza fomu kwenye kompyuta. Panga na darubini viko vile vile, mikono inakumbuka, lakini mpe mwenzako ramani. Na pombe, hasa waragi, uiweke mbali jioni hizo. Nasema kwa upole, kwa sababu nimeona wanaume wawili wazuri wakianza kwa kikombe kimoja cha kupata usingizi.

Mnyama akifa

Bibi alikufa miaka mitatu baada ya mama. Alikuwa amepungua tangu msimu wa kiangazi, akibaki nyuma ya wenzake, akila majani ya chini badala ya kupanda. Tulimkuta asubuhi kwenye mzizi wa mkuyu, amejikunja upande wa kushoto, kiganja kimefunguka.

La kwanza, simama. Usimguse, usimkaribie, hata kama una hakika. Hujui amekufa na nini, na baadhi ya vinavyoua sokwe vinaua watu. Vaa barakoa ikiwa uliishusha, piga simu ya upepo, omba daktari wa wanyama. Yeye na vifaa vyake kamili ndio watakaomgusa. Kwa mtu aliyemfuata mnyama miaka mingi, kukaa mita kumi na kutomfukuzia nzi ni jambo gumu kuliko unavyodhani. Shika kitu mkononi. Mimi nilishika kalamu kwa mikono miwili.

La pili, andika ulichokiona, usiandike unachokijua. "Amelala upande wa kushoto, hakupumua kwa dakika 20 nilizotazama, nzi machoni na mdomoni" ni data. "Amekufa kwa uzee" ni maoni, na daktari anaweza kuyakanusha kesho. Andika nani walikuwepo na walifanya nini. Binti yake alikuja na mtoto mgongoni, akaketi, akashika mkono wa Bibi na kuunusa kwenye vidole, akauachia. Ukaanguka. Akaushika tena. Alifanya hivyo mara nne, nami niliandika saa ya kila mara: 1:42, 1:44, 1:51, 2:03. Machozi yalidondoka kwenye karatasi, lakini ilikuwa karatasi isiyolowa, na kalamu ya risasi haichuruziki. Tumieni kalamu ya risasi.

Watu huniuliza kama sokwe wanaomboleza. Najua walichoandika watu wa makini. Kule Bossou, Guinea, mwaka 2003, sokwe mama alimbeba mtoto wake aliyekufa kwa siku 68, mpaka maiti ikakauka kama ngozi. Hapa Kibale nami nimewaona akina mama wakibeba, siku mbili, siku tatu, wakimpungia nzi. Walichokuwa nacho moyoni sijui nikiite nini kwenye fomu, kwa hiyo nakiandika kwa vitendo. Nyumbani nakiita msiba.

La tatu, jioni ile ile waambie wote wa kambini, pamoja na mpishi na mlinzi, kwa maneno ya mdomo. Asiyekuwepo asije akakuta jina limekatwa kwenye orodha ukutani. Sisi tulikaa, kila mmoja akasema siku moja aliyoikumbuka ya Bibi. Mzee Araali alikuwa wa mwisho. Alisema alimjua Bibi tangu hajawa na mvi mgongoni, na akanyamaza, na tukaenda kulala.

Nyumbani jiandae kwa maneno. Jirani yangu aliniuliza dukani, "Dada, ni kweli unamlilia nyani?" Zamani ningejibu kwa ukali. Siku ile nilimwambia, "Nimekwenda naye kazini miaka minane." Akafikiri, akasema pole. Usitake watu waupime msiba wako sawa na wa mtu. Mimi mwenyewe sikumlilia Bibi kama nilivyomlilia mama, na sioni haja ya kuulinganisha. Kila mmoja ulikuja na mwili wake.

Yule asiyeonekana

Mara nyingi hakuna maiti. Kuna jina, na mbele yake neno "hakuonekana". Wiki ya kwanza husemi kitu. Ya tatu unaanza kuchelewa kuondoka jioni, ukitazama kila kiota. Jike kijana wa miaka kumi na moja, kumi na tatu, unajipa matumaini, na ni haki, kwa sababu majike wa umri huo huhama kwenda jamii nyingine. Huenda yuko ng'ambo ya mto na ana wenzake wapya. Dume mzima hahami. Mtoto mchanga ambaye mama yake amerudi peke yake, hakuna la kutumaini.

Msiba wa namna hii hauna siku, na usipopewa siku utaenea kwenye miezi yote. Kubalianeni tarehe. Sisi hufungua orodha kila mwisho wa robo ya mwaka, tunasoma majina ya wasioonekana kwa sauti, tunaamua nani tunaendelea kumngoja na nani tunamwandika amekufa. Akirudi, tutafurahi na kufuta. Lakini siku hiyo ipewe uzito: msifanye kwa ujumbe wa simu.

Baada ya ugonjwa kupita kwenye jamii, orodha hiyo huja na swali lisilosemwa: ni nani aliyeleta mafua? Nimewaona watu wazima wakishindwa kula. Mwenzangu aliniambia, miaka baadaye, kwamba mtoto wake alikuwa akikohoa wiki ile, na yeye aliingia msituni. Huwezi kumwambia "si wewe", kwa sababu hujui. Nilimwambia ukweli: kwamba kirusi kinaweza kubebwa na mtu asiye na dalili yoyote, kwamba msitu huu una njia na watu na vijiji pande zote, na kwamba hakuna kipimo kitakachomtaja mtu. Kisha tukaongea juu ya watoto wetu. Tangu hapo, wa shule wakianza kukohoa nyumbani, kila mmoja wetu anasema mapema, na hakuna anayeulizwa kwa ukali.

Hasira

Kifo cha mtego ni kingine. Waya unaotegwa hapa mara nyingi ni wa breki za baiskeli, na aliyeutega alitaka funo au nguruwe pori wa kula. Sokwe anaingiza mkono, anavuta, waya unazama kwenye nyama. Wengi huishi na kiganja kilichokufa, wengine hawaishi. Timu za kuondoa mitego zimekuwa zikipita Kibale tangu mwaka 1997, na bado tunaikuta.

Mwaka 2020 gorila Rafiki wa kundi la Nkuringo alipouawa katika msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, nilidhani hukumu ingenituliza moyo. Mtu aliyemuua alifungwa miaka 11. Haikunituliza. Hasira haikuwa na njaa ya miaka, ilikuwa na njaa ya Rafiki.

Ninachokishauri ni hiki: usiibebe hasira yako kijijini siku ile ile. Itoe kwa kufanya kazi ya mtego, uingie na timu, utembee kwa mstari ukitazama chini, ukate waya kwa mikono yako. Mwanamume mmoja aliyewahi kukamatwa kwa kutega ndiye aliyenibebea maji siku nilipofanya kumbukumbu ya mama hapa kwangu. Alikuja bila kuitwa, na mitungi miwili kwenye baiskeli. Nilitazama breki za baiskeli ile kwa muda mrefu. Zilikuwa nzima. Nikampa chai, tukakaa, na mwaka uliofuata yeye ndiye aliyetuonyesha mahali pa mitego kumi na minne.

Mifupa

Miradi mingi huhifadhi mifupa. Mnyama huzikwa karibu na alipofia, juu yake hutandazwa wavu wa chuma ili nguruwe pori wasifukue, na baada ya mwaka au zaidi hufukuliwa. Mifupa husafishwa, huandikwa namba, huwekwa kwenye sanduku. Meno yake na nyonga yake vitasema mambo ambayo miaka minane ya darubini haikuyasema. Ni kazi njema. Lakini mtu aliyempenda asisukumwe kuifanya, wala asizuiwe. Aulizwe. Kama ni wewe, chagua sehemu moja ya kazi hiyo, iwe yako, nyingine waachie wenzako.

Mimi sikuweza kuchimba. Nilikaa kambini mpaka walipoleta beseni. Tuliosha kwa miswaki, maji yakabadilishwa mara tano, na mifupa ikaanikwa kivulini juu ya gunia siku tatu. Kidole kimoja cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda, alichowahi kukivunja kabla sijamfahamu. Niliomba niandike mimi. Mzee Araali akanishikia paja ili lisiviringike, nikaandika namba yake kwa wino mweusi, polepole, nikapuliza mpaka ukakauka, nikachukua mfupa uliofuata.